Nikiweka mguu kwenye klachi kelele inakata: nifuate neno la shemeji au nimpe gari fundi mwingine?

Mshauri wetu, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro mjini. Nina pikapu, Toyota Hilux ya dizeli, injini ya 5L, gia tano za mkono. Niliinunua miaka mitatu iliyopita ikiwa imeshatumika. Ndiyo inayotulisha: mara tatu kwa wiki inapanda Mgeta kuchukua kabichi, karoti na njegere, na alfajiri inakuwa sokoni. Dereva ni kijana wa kaka yangu, na safari nyingi nakaa pembeni yake kwa sababu mzigo nachagua mwenyewe.

Ni miezi miwili sasa ina kelele. Ikiwa imesimama, injini iko sailensi (inawaka bila kukanyagiwa mafuta) na gia iko nyutro, kunasikika chini ya miguu yetu kitu kama kokoto ndogo zinazozungushwa ndani ya kopo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi huwa zaidi. Kijana akiweka mguu kwenye klachi, inakata. Akiutoa, inarudi. Tukianza kupanda baada ya Mlali, gia ya pili na ya tatu zina mvumo, ila siwezi kuapa kama mvumo huo ni mpya au ulikuwepo siku zote na mimi nilikuwa siusikilizi. Kwenye lami, gia ya nne, naona kuna utulivu. Gia zote zinaingia vizuri, isipokuwa rivasi ambayo siku nyingine inakwaruza.

Fundi wangu tangu mwanzo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Alipanda garini, akakanyaga klachi mara mbili, akaniambia: "Shemeji, kelele ikikata ukikanyaga klachi, hiyo ni giaboksi. Beringi zake zimekwisha." Anasema kuifungua ni kupoteza hela, kwa rafiki yake ipo giaboksi ya mtumba ya shilingi milioni moja na laki mbili, na kazi ya kufunga hatanidai. Wiki iliyofuata tulisimama Mlali kuongeza maji, fundi mmoja wa pale akasikia injini, akasema bila kuulizwa kwamba hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukumwa ukikanyaga klachi ili iachie, na tusikubali kudanganywa. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, kwa sababu klachi ilibadilishwa mwaka jana na shemeji huyohuyo. Nakumbuka nililipia klachi pleti na presha pleti. Rilizi beringi alisema bado nzima, tusipoteze hela.

Hela ya giaboksi nitaipata kwa kukopa kwenye kikoba, na Januari nina ada za watoto wawili. Nikikopa halafu kelele ikabaki, nitakuwa nimeumia mara mbili. Nikimpelekea gari fundi mwingine, mdogo wangu atajua kabla ya jioni, na litakuwa jambo la nyumba nzima. Shemeji ndiye aliyesimama nasi msiba wa baba. Halafu kuna huyu kijana: njia nzima ya mlimani mguu wake wa kushoto unapumzika juu ya klachi. Nimesema mpaka nimechoka. Nimwondoe? Nifanye nini?

Mwenye Pikapu, Morogoro

*

Dada yangu Mwenye Pikapu,

Pole kwa kukosa usingizi. Ndani ya barua yako kuna mambo matatu yaliyosukwa pamoja: kelele, deni la kikoba, na heshima ya mtu aliyekuzikia baba. Nakuomba tuanze kufumua upande wa kelele. Siupuuzi udugu. Ila kelele inapimika bila kulipa hata shilingi, na utakachokipata kitakupa namna nyingine ya kuzungumza na shemeji.

Kwanza nimtendee haki. Kanuni aliyokupa ipo, na mafundi wengi wanaitumia kwa moyo safi. Gari likiwa nyutro na klachi haijakanyagwa, injini inaizungusha klachi pleti, klachi pleti inaizungusha shafti ya mbele ya giaboksi, na hiyo inaisukuma shafti ya chini, ile mafundi wanayoiita kaunta. Magurudumu yametulia, lakini ndani ya giaboksi beringi kadhaa ziko kazini. Ukikanyaga klachi mpaka chini, vyote hivyo vinaachiwa na kusimama. Kelele ikisimama navyo, ni halali kuishuku giaboksi.

Kanuni hiyo ina sharti moja linalosahaulika: kwamba mguu ukiwa nje ya pedeli, rilizi beringi imetulia bila kugusa kitu. Kwenye klachi za oili kama ya Hilux yako, silinda ya chini ina springi laini inayousogeza uma wa klachi, mkono unaoisukuma rilizi beringi, hivyo beringi hiyo inabaki imegusa vidole vya presha pleti, ile inayoibana klachi pleti, muda wote, inazunguka nayo bila kubeba uzito. Beringi ikichoka, au kibanio kinachoishika kwenye uma kikilegea, inachezacheza hapo na kutoa sauti ya kokoto. Ukiigandamiza kidogo tu inapata mzigo, inakaa sawa, inanyamaza. Kwa mtu anayekanyaga klachi moja kwa moja hadi sakafuni, magonjwa haya mawili yana dalili moja. Na wewe umeandika kwamba kijana "akiweka mguu" kelele inakata, kisha ukaandika kwamba shemeji "akakanyaga". Katikati ya maneno hayo mawili huenda ndipo jibu lilipo.

Lifanye jaribio hili wewe mwenyewe, asubuhi, kabla injini haijapata moto. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki imevutwa, mawe mbele na nyuma ya tairi, gia nyutro. Washa, acha sailensi itulie, zima redio, vua kiatu cha kushoto. Sasa shusha pedeli kwa kidole gumba cha mguu. Juu kabisa ina uhuru, kwa Toyota ni milimita 5 hadi 15, haina uzito wowote. Ukifika pale uzito unapoanza kukupinga, simama hapohapo. Sikiliza. Hapo klachi bado imeshika na giaboksi bado inazunguka kama mwanzo. Kama kelele imekufa mahali hapo, hukuipunguzia giaboksi kazi yoyote, na wa kushukiwa ni rilizi beringi au uma wake. Kama kelele ipo palepale, endelea kushusha polepole. Ikibaki mpaka pedeli ipite katikati, kisha ikafifia taratibu kwa sekunde moja au mbili kama feni iliyozimwa, umesikia shafti za giaboksi zikisimama. Rudia mara tano, chini na juu. Rudia tena jioni injini ikiwa na moto. Usiridhike na mara moja.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja. Injini ya dizeli ikiwa sailensi inapiga kwa mishtuko, na meno ya gia yasiyo na mzigo hugongana. Kazi ya kumeza mishtuko hiyo ni ya springi ndogo zilizo katikati ya klachi pleti. Zikivunjika, au pleti ikiwa ya daraja la chini, giaboksi nzima husikika kama kopo. Kwa hiyo bado mguu ukiwa nje ya klachi, pandisha mzunguko wa injini kidogo, ufike 1,000 hivi kwa dakika. Sauti ikitoweka kabisa na kurudi tu ikishuka sailensi, weka swali hilo kwenye orodha yako. Beringi iliyokwisha kwa kawaida haitoweki hivyo. Inapanda sauti pamoja na injini.

Rivasi nayo isikilize kivyake. Katika giaboksi nyingi za mkono rivasi haina sinkroni, ile ringi inayosawazisha mzunguko kabla gia haijaingia, inasubiri shafti isimame. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ndipo uingize. Ikiingia kimya, kijana alikuwa na haraka tu. Ikikwaruza hata baada ya tano, klachi haiachii vizuri: oili ya klachi imepungua au ina hewa, pleti inanasa kwenye meno ya shafti, au ile beringi ndogo ya pailoti, iliyo nyuma ya krenki, inaikokota shafti. Ya pailoti huwa inajitangaza kwa sauti yake pia, klachi ikiwa imekanyagwa hadi chini na gia imo, kwa sababu hapo krenki inazunguka na ncha ya shafti ndani yake imesimama.

Sasa ule mvumo wa mlimani. Hapa sitakuficha, dalili yako inaegemea kidogo upande wa shemeji. Gia ya nne ya giaboksi hii ni ya moja kwa moja: nguvu inatoka shafti ya mbele kwenda ya nyuma bila kupitia kaunta. Kaunta inazunguka, lakini haina mzigo. Mvumo unaosikika gia ya pili na ya tatu kisha ukatulia ya nne unaelekeza kwenye beringi za kaunta. Lakini umelinganisha gia ya tatu ya mlimani na gia ya nne ya lami, na hizo ni njia mbili tofauti. Tafuta barabara moja tambarare, nenda kilomita 40 kwa saa na gia ya tatu, kisha mwendo uleule na gia ya nne, mguu wa mafuta ukiwa na uzito mmoja. Halafu weka nyutro na uache gari litembee lenyewe mita chache, barabara ikiwa tupu na hakuna mteremko. Mvumo ukiendelea hata nyutro, unafuata magurudumu, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye beringi za tairi, propela au difu. Ukibadilika ukiyumbisha usukani kulia na kushoto, anza na tairi.

Kuna neno nimelitafuta kwenye barua yako sijalikuta: oili ya giaboksi. Miaka mitatu, mara tatu kwa wiki, mlimani. Iliangaliwa lini? Oili ikipungua, giaboksi nzima huvuma, na kuirekebisha ni kazi ya asubuhi moja. Ubavuni mwa giaboksi kuna bolti ya kujazia. Ifungue hiyo kwanza kabla ya kugusa ya chini ya kumwagia, kwa sababu ukishamwaga halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, gari halina oili na halitoki hapo. Oili inapaswa kufika ukingo wa tundu, kidole kikiingia kiiguse. Mwageni mkitoka safari ingali na joto, kwenye beseni jeupe lililooshwa. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyovihisi kati ya vidole, au vilivyo kama sindano zilizokatika, vinatoka kwenye beringi. Unga unaong'aa kama dhahabu ni wa ringi za sinkroni. Mpya ni 75W-90, daraja lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu. Na tafadhali, chini ya gari asiingie mtu likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Baada ya hayo utakuwa na picha. Inawezekana ikawa safi, inawezekana ikawa mbili kwa pamoja, maana rilizi beringi na beringi za kaunta hazizuiani kuugua siku moja. Njia zilizo mbele yako nazipima hivi.

Giaboksi ya mtumba ina uzuri wa haraka: siku moja gari limerudi kazini. Hatari yake ni kwamba hakuna anayejua ilikotoka ilikuwa inabeba nini. Na kama kelele ni ya rilizi beringi au klachi pleti, itabaki ileile na deni juu. Ukielekea huko, usiinunue ikiwa ndani ya gunia. Gia ziingizwe moja moja na shafti izungushwe kwa mkono, ivutwe na kusukumwa kuona uchezaji, oili yake imwagwe mbele yako, na ihakikishwe kuwa inaingia kwenye injini ya 5L na propela yako. Mkubaliane kwa maneno yanayoeleweka kwamba ikivuma inarudi, ndani ya siku ngapi.

Njia ya pili ni kushusha giaboksi iliyopo na kuamua ikiwa chini. Faida yake ni kwamba kazi ya kushusha ni ileile kwa magonjwa yote matatu. Rilizi beringi inagandamizwa kwa kiganja huku inazungushwa. Ikikwaruza imekwisha, na isioshwe kwa petroli kwa sababu grisi imefungiwa humo. Vidole vya presha pleti vinatazamwa kama vimechimbika. Klachi pleti inapimwa kina cha vichwa vya ribiti, chini ya milimita 0.3 haifai, na springi zake zinatikiswa. Shafti ya mbele kucheza kidogo ncha yake ni kawaida, kwa kuwa ncha hiyo hushikwa na pailoti. Mkwaruzo ndiyo ugonjwa. Wakati wa kurudisha, giaboksi isiachwe ining'inie kwenye klachi pleti hata dakika moja, inapinda, na ndipo klachi mpya inapotetemeka bila mtu kujua sababu. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, nyutoni mita 19. Hatari ya njia hii ni wewe kubaki siku kadhaa bila gari, na kukutwa giaboksi iko sakafuni huku hujajua utaishia matumizi gani.

Ipo ya tatu, kufungua giaboksi na kuweka beringi mpya. Namba zake zimechorwa kwenye ringi zenyewe, zinanunuliwa kwa namba hizo. Inahitaji fundi mwenye mashine ya kugandamizia na subira. Kama meno ya gia yamechimbika au shafti imelika, beringi mpya haitaleta ukimya, na shemeji atakuwa alisema kweli kuhusu hela kupotea.

Na ipo ya kusubiri hadi ada ipite. Rilizi beringi iliyochoka inaweza kuvumilia miezi, inaweza pia kuganda siku moja, ikala vidole vya presha pleti, na klachi isiachie tena. Beringi ya giaboksi inapomomonyoka, vyuma vyake husafiri ndani ya oili na kula beringi nyingine. Ukisubiri, kuna dalili moja ambayo siku hiyohiyo usipakie mzigo: gia kujitoa yenyewe kwenye mteremko. Ukishuka Mgeta na kabichi zimejaa, injini ikiacha kuzuia, breki zinabaki peke yake.

Kuhusu kijana, una haki ya kukasirika. Mguu unaopumzika juu ya klachi unaibebesha rilizi beringi uzito njia nzima, na ukizidi kidogo pleti inateleza na kuungua. Ila jiulize kitu: alianza lini? Huenda anaweka mguu kwa sababu amegundua kelele inakata. Kama ni hivyo, anajua jambo ambalo fundi angependa kulisikia: anabonyeza kiasi gani ndipo inyamaze. Muulize hilo kabla ya kumpa barua ya kwaheri. Kisha mwonyeshe pa kuukanyagisha mguu wake, pembeni ya pedeli.

Nimebaki na shemeji. Umeyapa matendo yake maana ya kificho baada ya maneno ya mtu wa Mlali, naye alitoa hukumu kwa kusikia injini akiwa amesimama nje. Inawezekana rafiki wa giaboksi ana fungu kwa shemeji. Inawezekana pia shemeji anaogopa lawama: akikufungulia giaboksi ikakataa, ni yeye, akifunga nyingine nzima, imeisha. Beringi aliyoiacha mwaka jana aliiacha akiokoa hela yako, na ulikubali. Kazi ya kushusha ilikuwa imeshafanyika na beringi ingeingia bila gharama ya ziada ya ufundi, hilo ni kweli, na yeye huenda analijua kuliko sisi. Ukilianza kama kosa, atajitetea. Ukilianza kama swali, ana nafasi ya kulisema mwenyewe.

Kwa nini jaribio la kidole gumba usilifanye akiwa amekaa kiti cha pembeni? "Shemeji, mguu ukigusa tu inakata, nimekaa nikasikiliza. Hebu na wewe sikia, halafu uniambie inakaaje." Kumpa gari fundi mwingine si tusi kwa kila mtu, lakini wewe unamjua huyu kuliko mimi. Vilevile unaweza kumwomba yeye ashushe, na mtu mwenye mashine ya beringi akaitwa kutazama ikiwa chini, wote wawili mbele yako. Kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa, waambie kiasi ulichonacho mkononi leo bila kikoba, na mkubaliane kwamba kikifika hapo, kazi inasimama na unapigiwa simu. Mdogo wako naye asisikie kutoka kwa watu. Mwambie wewe, jioni, kabla.

Ukimaliza vipimo niandikie tena. Nieleze pedeli ilikuwa wapi kelele ilipokata, 1,000 ilifanya nini, na kilichobaki kwenye beseni baada ya oili kumwagwa kina rangi gani. Tutaendelea kutoka hapo.